Toka Gogo Hata Ubao: Habari za Wapasua Mbao wa Zamani

Aingiaye kanisa kuu la Unguja, lile lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, huonyeshwa msalaba wa mti. Mti wake ulitoka mbali sana, katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia. Hapo ndipo alipokufa Dr. David Livingstone mwaka 1873, na watu wake wakauzika moyo wake chini ya mti mkubwa, kisha wakauchukua mwili wake kwa miguu hata pwani. Mwaka 1899 mti ule ulikatwa. Kipande chake chenye maandishi kilipelekwa London, na sehemu nyingine ya mti huo ikafanywa msalaba uliopo Unguja.

Wageni wautazamapo msalaba huo humkumbuka Livingstone, tena humkumbuka Susi na Chuma walioongoza msafara ule wa maiti. Ni haki wakumbukwe. Lakini msalaba ule, kabla haujawa msalaba, ulikuwa gogo. Na kati ya gogo na kitu kilichoundwa pana kazi kubwa, nayo kazi hiyo ina wenyewe, ambao kwa kawaida hawatajwi.

Katika kitabu cha yubile twasoma habari za waliohubiri, za waliofundisha, na za waliotoa mashamba na fedha. Yafaa pia tuinue macho tuzitazame kenchi za paa, kisha tuyashushe tuyatazame mabenchi tunayokalia, tujiulize: Mbao hizi za zamani zilipatikanaje, siku zile ambazo hapakuwa na duka la mbao wala barabara ya gari? Jibu lake ni fupi. Zilipasuliwa papo hapo, karibu na nyumba, kwa mikono ya watu wawili, mmoja akisimama juu ya gogo na mmoja akisimama chini yake. Habari za watu hao wawili ndizo tunazotaka kuzieleza hapa, pamoja na habari za kazi yao ilivyokuwa, ilivyobadilika, na inavyoweza kuwafaa watu wa siku hizi.

KABLA YA MSUMENO MKUBWA

Mtu asidhani kwamba mbao zililetwa na wageni. Watu wa pwani walikuwa mafundi wa miti tangu kale. Nyumba zao za mawe zilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haizidi urefu wake iliojaliwa, vyumba vya Unguja, vya Lamu na vya Mombasa vilikuwa vyembamba, upana wao kama futi 8 au 10. Hivyo mti ndio uliompimia mwenye nyumba chumba chake. Tena waliunda vyombo vya baharini, na chombo kilichosifiwa ni mtepe, ambao mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi bila misumari ya chuma.

Katika bara nako mambo yalikuwa hivyo. Stanley alipofika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1875 alikuta mitumbwi mikubwa ya Waganda na ya watu wa visiwa vya Ssese. Mitumbwi hiyo haikuwa magogo yaliyochimbwa tu. Ubavu wake ulikuwa wa mbao zilizochongwa, zikashonwa kwa nyuzi za miti. Katika nchi nyingine za bara fundi alichonga mlango mzima kwa ubao mmoja.

Vyombo vya kazi hiyo vilikuwa shoka na tezo. Fundi alilichana gogo kwa kabari, akapata nusu mbili, kisha akaichonga kila nusu hata ikawa ubao. Ubao wa namna hiyo ni wenye nguvu sana, maana kabari hufuata nyuzi za mti wala haizikati. Lakini gharama yake ni kubwa. Mti mzima huzaa ubao mmoja au miwili, na sehemu iliyobaki yote huwa vipande vya kuni. Kwa mlango mmoja wa nyumba, au kwa mtumbwi wa jamaa, gharama hiyo yavumilika. Kwa kanisa la watu 500, au kwa shule yenye mabenchi 40, haiwezekani.

KWA NINI KILA KITUO KILIPASUA MBAO ZAKE

Huko Ulaya kazi ya kupasua mbao juu ya shimo ilikuwa ya zamani sana, tena ilianza mapema kushindana na mashine. Mwaka 1593 Mholanzi mmoja, Cornelis Corneliszoon, alipewa hati ya serikali kwa uvumbuzi wake wa mashine ya kupasulia mbao iendeshwayo kwa upepo. Waingereza walikawia kuifuata kazi hiyo. Mwaka 1768 tajiri mmoja alikuwa na mashine ya namna hiyo huko Limehouse, London. Wapasua mbao wa mkono wakaona kwamba chakula chao kinataka kuondolewa mezani, wakaivamia wakaiharibu. Walakini mashine haikuzuilika. Katika karne ya 19 mvuke uliendesha misumeno ya duara na ya ukanda, na wapasuaji wa shimo wakazidi kupungua katika nchi zile.

Basi ni jambo la ajabu kidogo, kwamba msumeno uliokuwa ukistaafu huko Ulaya ulianza maisha mapya katika Afrika ya Mashariki. Sababu yake si kwamba wamisionari walipenda mambo ya kale. Sababu yake ni njia. Kabla ya reli kila kitu kilichokwenda bara kilikwenda juu ya kichwa au bega la mchukuzi, na mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama ratili 60 au 70. Mtambo wa mvuke haubebeki hivyo, isipokuwa ufunguliwe vipande vipande. Mbao nazo hazibebeki kwa faida. Ubao mkavu wa mvule wenye urefu wa futi 12, upana wa inchi 12 na unene wa inchi 1, una uzito wa kama ratili 40. Mbao mbili tu za namna hiyo zapita mzigo wa mtu, na huko njiani kuna mito, miiba na vilima vya miezi mitatu.

Lakini bamba la msumeno wa shimo, lenye urefu wa futi 6 au 7, ni chuma chembamba; vipini vyake viwili hutolewa; mtu mmoja aweza kulichukua, na tupa za kulinolea zikafungwa katika mzigo huo huo. Twaweza kusema kwamba msumeno ulikuwa duka la mbao lililobebwa na mtu mmoja. Ukifika msitu, mbao zimefika.

Ndiyo maana karakana ilikuwa sehemu ya kituo tangu mwanzo. Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa na karakana Unguja katika miaka ya 1860, na walipoanzisha kituo cha Bagamoyo mwaka 1868, vijana waliokombolewa utumwani walifundishwa useremala na kazi nyingine za mkono. Vituo vingine vya pwani na vya bara vilifanya vivyo hivyo. Aliyejua kusoma alikuwa na thamani; na aliyejua kunoa msumeno alikuwa na thamani pia, maana bila yeye msomaji alisomea chini ya mti.

USAMBIRO, MWAKA 1889

Mfano mmoja utatutosha. Alexander Mackay alikuwa Mskoti, mwana wa kasisi wa Rhynie, naye alijifunza kazi ya uhandisi kabla ya kutumwa na Church Missionary Society mwaka 1876. Alifika Buganda katika Novemba 1878. Watu wa Kabaka walimjua upesi kuwa mtu wa vyuma na miti kuliko mtu wa maneno. Alichonga herufi za mti ili apige chapa karatasi za kusomea. Mama yake Kabaka Mutesa alipofariki mwaka 1882, Mackay aliombwa kuunda jeneza. Halikuwa moja bali matatu: la mti ndani, la shaba katikati, na la nje kubwa mno la mbao nene. Kazi hiyo ilimchukua muda wa kama mwezi mzima.

Mwaka 1887 ilimpasa kuondoka Buganda katika siku za Kabaka Mwanga, akakaa Usambiro, upande wa kusini wa ziwa, katika nchi iliyo Tanzania leo. Huko ndiko Stanley alikomkuta katika Agosti 1889, alipokuwa akirudi pwani pamoja na Emin Pasha. Stanley alieleza katika kitabu chake mambo aliyoyaona katika ua ule: karakana imara iliyojaa vyombo na mitambo, wahunzi wakitengeneza birika la mvuke la chombo cha ziwani, mtumbwi mkubwa ukikarabatiwa, na tena mashimo ya kupasulia mbao pamoja na magogo makubwa ya mti mgumu.

Msomaji aangalie jambo hilo. Mahali hapo palikuwa safari ya miezi toka baharini, wala hapakuwa na reli. Hata hivyo palikuwapo birika la mvuke, na birika hilo lilingoja mbao. Mtambo ungeweza kununuliwa Ulaya na kuletwa. Lakini ubavu wa chombo ulikuwa bado umelala uani, ndani ya magogo, nao haukuweza kutoka ila kwa mkono wa mtu wa juu na mkono wa mtu wa chini. Mackay hakuona mwisho wa kazi hiyo. Alikufa kwa homa tarehe 8 Februari 1890, akiwa na umri wa miaka 40. Mwaka 1927 mifupa yake ilihamishiwa Namirembe.

Habari za Stanley zayataja mashimo na magogo. Haziwataji waliokuwa wakishika misumeno.

KAZI YENYEWE ILIVYO

Kazi huanza msituni, na nusu ya hekima yake imo katika kuchagua. Mpasuaji huuzunguka mti akitazama gome lake. Nyuzi za gome zikipanda zimesokotwa kama kamba, na nyuzi za mti wenyewe zimesokotwa. Mbao zake zitajipinda. Matawi mengi ni mafundo mengi. Mti wenye uvungu ukipigwa kwa kichwa cha shoka hutoa sauti ya ngoma.

Kila mti una tabia yake. Mninga hutoa utomvu mwekundu kama damu, nao ni mpole, haupindi sana ukaukapo. Mvule haupendwi na mchwa, ndiyo sababu wajenzi huupenda. Lakini ndani yake mara nyingine mna mawe ya chokaa yaliyofanywa na mti wenyewe, na jino la msumeno likikutana nalo huvunjika. Tena unga wake huwasha pua na ngozi. Mpingo ni mgumu mno, nao wafaa kwa vinyago na zumari kuliko kwa mbao.

Mti ukiisha kuangushwa hukatwa kwa urefu utakiwao. Hapa yafaa tukumbuke kwamba misumeno ni ya namna mbili, na mwanafunzi wa karakana asiyejua tofauti yake atachoka bure. Msumeno wa kukata mti kwa kuukingama una meno yaliyonolewa kama ncha za visu, maana kazi yake ni kukata nyuzi. Msumeno wa kupasua, uendao pamoja na nyuzi, una meno kama patasi ndogo zilizopangwa safu moja, maana kazi yake ni kuchimba na kuondoa. Meno yote hupindwa kidogo, moja kulia na moja kushoto, ili njia ya msumeno iwe pana kuliko bamba lake. Bila hivyo bamba hubanwa.

Kisha gogo hubingirishwa juu ya shimo lenye kina kama kimo cha mtu. Katika nchi ya vilima watu wengi hawakuchimba, bali walijenga jukwaa la miti imara kwenye mteremko, gogo likalala juu yake. Gogo huchongwa pande mbili kwa shoka. Fundi hushusha timazi katika kila kichwa cha gogo, akachora mistari iliyosimama wima. Kisha huchukua uzi uliopakwa masizi au makaa yaliyolowanishwa, huuvuta toka kichwa hata kichwa, huuinua katikati na kuuachia. Uzi hupiga, na mstari mweusi hubaki juu ya gogo, umenyoka kuliko uwezo wa mkono wa mtu.

Ndipo mtu wa juu hupanda na mtu wa chini hushuka. Msumeno hukata ushukapo tu. Mtu wa juu huuinua na kuuongoza, macho yake yasiuache mstari wa juu. Mtu wa chini huuvuta kwa uzito wa mwili wake, naye autazama mstari wa chini. Mmoja akiacha mstari, ubao huwa mnene huku na mwembamba kule, wala hakuna randa itakayouponya. Kila wakisogea mbele hutia kabari katika ufa, ili mti usiubane msumeno, na mara kwa mara hulipaka bamba mafuta.

Watu walimheshimu zaidi mtu wa juu, kwa kuwa yeye ndiye mwenye kunoa na kuchora. Lakini tumfikirie mtu wa chini. Kila uvutapo msumeno, unga humwangukia machoni, puani na shingoni. Hulivaa jua kidogo na vumbi siku nzima. Tena hawezi kuvuta apendavyo. Ni lazima angoje msumeno uinuliwe. Na mtu wa juu naye hawezi kujivuna, maana akiisha kuuinua, kazi ya kukata si yake. Wazee wa kazi hiyo huimba pamoja ili pumzi zao ziwe pumzi moja. Watu waliogombana asubuhi hawawezi kupasua ubao mmoja ulionyoka hata jioni. Mgomvi na mgomvi waweza kulima shamba moja, huyu huku na huyu kule; shimo la mbao haliwakubali.

SUBIRA YA UBAO

Ubao ukiisha kutoka msumenoni, wengi hudhani kazi imekwisha. Kumbe imefika nusu. Mti mbichi umejaa maji, ambayo mara nyingi hupita nusu ya uzito wa mti mkavu. Maji hayo yatokapo, mti hunywea. Tena haunywei sawasawa. Hunywea kwa kufuata mviringo wa pete zake karibu mara mbili kuliko unavyonywea kutoka kiini kuelekea gome. Kwa sababu hiyo ubao uliopasuliwa kando ya gogo hubenuka kama kigae, na ubao uliopasuliwa ukielekea kiini hukaa umenyoka zaidi. Kiini chenyewe kikiachwa ndani ya ubao hupasuka. Sehemu nyeupe iliyo karibu na gome ndiyo chakula cha wadudu, nayo huondolewa.

Mafundi wa zamani walizipanga mbao kivulini, zikiwa zimeinuliwa juu ya ardhi, na kati ya ubao na ubao waliweka vijiti vya unene mmoja, kila kijiti kikiwa juu ya mwenzake sawasawa. Vijiti vikipishana, mbao hujifunza kupinda. Vichwa vya mbao vilipakwa nta, mafuta mazito au rangi, ili maji yasikimbilie huko na kuleta nyufa. Juu yake waliweka mawe mazito, kisha wakangoja. Kanuni ya kale ya nchi za baridi yasema mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Katika nchi zetu za joto miezi michache yaweza kutosha kwa ubao mwembamba, lakini haikosi kuwa miezi.

Hapa ndipo wajenzi wengi walipojikwaa, wa zamani na wa sasa. Watu hutaka mlango kabla ya sikukuu, seremala hutumia mbao mbichi, na baada ya masika mbili mlango hauwezi kufungwa wala kufunguliwa. Ubao haujui sikukuu.

MVUKE, RELI NA MNYORORO

Reli ilipokuja, hesabu ya mchukuzi ilibadilika. Reli iliyoanza Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905, na milima ya Usambara ikawa karibu na bandari. Kabla ya vita ya 1914 Wadachi walijenga njia ya kamba za chuma toka Mkumbara hata juu Shume, ili kuteremsha miti ya mierezi ambayo watu wasioona ramani hawangeweza kuamini kwamba yaweza kushuka magenge yale. Mashine kubwa zilianza kula misitu kwa kadiri ambayo watu wawili wa shimo wasingeimaliza kwa maisha kumi. Wakati huo huo watu walianza kufahamu kwamba mti hauna budi kupandwa: misaji ya kwanza ilipandwa na Wadachi mwaka 1898, kwa mbegu za Bara Hindi.

Hata hivyo shimo halikufa. Mbali na reli, katika misitu ya Uganda, ya Tanganyika na ya Kenya, wapasuaji wa mkono waliendelea miaka mingi, na shule na makanisa mengi ya karne ya 20 yalipata mbao zao kwa njia hiyo hiyo ya Usambiro.

Kilicholiua shimo ni msumeno wa mnyororo, ambao watu huuita chensoo. Andreas Stihl wa Ujerumani aliunda wa kwanza wa kwake, uliokwenda kwa umeme, mwaka 1926, na mwaka 1929 akaunda wa petroli. Kwa chombo hicho mtu mmoja aweza kuangusha mti asubuhi na kuupasua mbao kabla ya jua kutua. Hana haja ya shimo, wala ya mwenzi wa chini, wala ya wimbo.

Lakini tupige hesabu, na waalimu waweza kuifanya na watoto darasani. Mnyororo hula njia ya milimita 10 hivi. Kupasua gogo katika mbao 10 za inchi 1 kwahitaji njia 9 katikati yake. Njia 9 za milimita 10 ni milimita 90, yaani zaidi ya mbao 3 zimegeuka unga. Msumeno mwembamba wa ukanda hula kama milimita 2. Njia zake 9 ni milimita 18, hazifiki ubao mmoja. Msitu uliopasuliwa kwa chensoo hupoteza basi robo ya mbao zake kabla seremala hajazishika. Mtu wa shimo, ambaye aliilipia kila njia kwa jasho lake, hakuthubutu kupoteza kiasi hicho.

Hasara nyingine ni kubwa zaidi, nayo haipimwi kwa milimita. Shimo lilimlazimisha mtu kuchagua. Aliyejua kwamba atavuta msumeno siku nyingi katika gogo moja, hakuukata mti asiouhitaji. Urahisi umeondoa kizuizi hicho. Ndiyo sababu serikali zetu zimeweka sheria, kama Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002, na kuna miti isiyokatwa pasipo kibali, na mbao zisizosafirishwa pasipo hati. Watu huzinung'unikia sheria hizo. Lakini kazi ambayo zamani ilifanywa na uchovu wa mikono, sasa haina budi kufanywa na karatasi.

KARAKANA YA LEO

Je, kazi hii imekwisha kwa mtu wa kawaida? Haikwisha. Huenda wakati wake umerudi. Katika nchi za Iringa na Njombe watu wengi wamepanda misindano na mikaratusi katika mashamba yao wenyewe, na mashine ndogo za kuhamishwa, ambazo wenyeji huziita dingidongi, huenda shambani badala ya gogo kwenda kiwandani. Shule, parokia au mwenye nyumba aliyepanda miti miaka kumi na mitano au ishirini iliyopita, aweza tena kupata mbao zake papo hapo, kama watu wa zamani.

Anayetaka kufanya hivyo, na auchukue msumeno mpya pamoja na akili ya shimo. Kwanza aulize ofisi ya misitu kabla ya kuangusha. Auchague mti kwa kazi aliyo nayo, si kazi kwa mti aliouona. Apige uzi kabla ya kuwasha mashine. Asipasue peke yake. Watu wa zamani walikuwa wawili kwa sababu ya kazi, nasi na tuwe wawili kwa sababu ya hatari, maana mnyororo haumsubiri mtu aliyeteleza. Ajifunike pua, maana unga uliomwingia mtu wa chini haujapungua ukali. Aanze kwa gogo dogo. Azipange mbao zake juu ya vijiti, aandike tarehe kwenye kichwa cha ubao kwa chaki, asizishike mpaka zikauke. Na mahali alipokata mti mmoja, apande zaidi ya mmoja.

Waalimu wenye karakana shuleni wana nafasi njema. Mtoto aliyenunuliwa ubao dukani hujua bei yake. Mtoto aliyeona gogo likifunguliwa, akahesabu pete zake, akakuta mwaka wa ukame umeandikwa ndani kama mstari mwembamba, huyo hujua umri wake. Hata akikata mti baadaye, atakata kama mtu aliyeufahamu.

Tukirudi kanisani, tutazame tena juu. Katika majengo yetu ya zamani, ambako mbao za dari hazikupigwa randa kwa juu, fundi akipanda kutengeneza paa huona mikwaruzo iliyolala sambamba, kila mmoja karibu na mwenzake. Kila mkwaruzo ni mvuto mmoja wa msumeno: mtu wa juu aliinua, mtu wa chini akavuta. Hawakuandika majina yao katika daftari yo yote, lakini waliandika hivyo, mvuto kwa mvuto, toka kichwa cha ubao hata kichwa. Paa litakapobomolewa ili liezekwe upya, mbao hizo zisitupwe motoni kwa haraka. Zisuguliwe, zichaguliwe, zilizo nzima zifanywe mabenchi. Na upande wenye mikwaruzo uachwe kama ulivyo, ili watoto waupapase kwa vidole na kuuliza ni nini.